Tauni Ilivyosoma Joto: Kutoka Hong Kong hadi Usambara

Tauni ilipozuka Hong Kong mwaka 1894, serikali ya Waingereza iliuzingira mtaa wa Taipingshan, ikawahamisha Wachina waliokuwa wakiishi humo, kisha ikaubomoa. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Bombay. Huko maofisa waliingia majumbani na askari, wakatoboa mapaa ili jua lipenye, wakamwaga dawa kwenye mifereji na kuwachukua wagonjwa kwa nguvu mbele ya jamaa zao. Nairobi mwaka 1902, mji ukiwa bado mchanga na hauna umri ila wa reli, tauni ilionekana katika Bazari ya Wahindi, na mganga wa serikali akaamuru bazari ichomwe moto. Fikra iliyowaongoza watawala wa miji hiyo mitatu ilikuwa moja: uchafu ndio ugonjwa, na mkazi wa penye uchafu ndiye mwenye kosa. Fikra hiyo haikuwa uongo mtupu, maana panya huzaana penye taka na nafaka iliyomwagika, na panya ndiye hubeba viroboto wenye tauni. Lakini haikuweza kueleza kwa nini tauni huja na kuondoka kwa msimu, ilhali taka hazina msimu. Wala haikueleza kwa nini ugonjwa huo umedumu kwa vizazi kwenye milima yenye hewa safi na ukafifia katika bandari zilizojaa panya. Kuna kitu cha pili ambacho historia ya tauni imekitaja pembeni tu, nacho ni joto. Nashikilia kwamba bila kukiweka mahali pake hatuwezi kuielewa historia hiyo, kwa sababu bakteria wa tauni hupimiwa maisha yake kwa joto. Kwa joto hutambua kama yuko ndani ya kiroboto au ndani ya mtu, na kwa joto huamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze.

Ushahidi wa kwanza ulijitokeza siku ile ile bakteria huyo alipopatikana, ingawa hakuna aliyeusoma hivyo wakati huo. Mwezi Juni 1894 wataalamu wawili walifika Hong Kong kumtafuta. Shibasaburo Kitasato, Mjapani aliyesomea kwa Robert Koch mjini Berlin, alipokewa kwa heshima, akapewa chumba hospitalini, maiti za kuchunguza na vyombo vyote, pamoja na sanduku la kuoteshea bakteria kwenye joto la mwili wa binadamu. Alexandre Yersin, Mswisi aliyekuwa mwanafunzi wa Taasisi ya Pasteur, alinyimwa karibu kila kitu. Alijijengea kibanda cha nyasi karibu na hospitali, akawapa fedha mabaharia waliopewa kazi ya kuzika ili wamruhusu kukata mitoki ya maiti, na alichokipata akakiotesha kwenye hewa ya kawaida ya Hong Kong. Hewa hiyo, katika mwezi wa Juni, hukaribia nyuzi 28 za Selsiasi, nalo ndilo joto ambalo bakteria wa tauni huota vizuri zaidi maabarani. Katika nyuzi 37 huota polepole, na vimelea vingine vikichanganyika naye humpita mbio. Maelezo aliyoyatoa Kitasato juu ya bakteria wake yalikuja na mambo yasiyolingana na tauni, na wanahistoria wengi wa tiba wanaona kwamba chupa zake zilichafuliwa na bakteria wa kichomi. Yersin alipata tauni safi, na leo bakteria huyo anaitwa kwa jina lake. Sisemi kwamba umaskini wa vyombo ndio uliompa ushindi, kwa kuwa aliutafuta ugonjwa mahali palipostahili, yaani ndani ya mtoki. Hata hivyo, kilichotokea kilikuwa dokezo kubwa: kiumbe anayemuua mtu kwa siku chache hapendi joto la mtu kuliko joto la nje. Swali la kufuata lilipaswa kuwa moja tu, kwamba bakteria huyu hufanya nini tofauti anapolazimika kuishi kwenye joto letu.

Swali hilo lilichelewa kwa sababu India ilikuwa inazika watu. Kati ya mwaka 1896 na 1918 tauni iliua huko zaidi ya watu milioni 10, na kila aliyehesabu vifo aliona mpangilio ule ule. Mjini Bombay vifo vilipanda kuanzia Januari, vikafika kilele karibu na Machi, na joto la Mei lilipoanza vikaporomoka. Katika Punjab kilele kilikuja baadaye kidogo, na kiangazi kikali kilipofika tauni ilikatika kama iliyozimwa. Paul-Louis Simond alikuwa ameonyesha Karachi mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye hutoa ugonjwa kwa panya mmoja na kuupeleka kwa mwingine, akadharauliwa kwa karibu miaka kumi, hadi tume ya uchunguzi wa tauni nchini India ilipothibitisha maneno yake. Mwaka 1917 R. St. John Brooks alilinganisha takwimu za vifo vya India na vipimo vya hali ya hewa. Aligundua kwamba mlipuko haudumu joto la wastani likivuka nyuzi 80 za Fahrenheit, yaani kama 27 za Selsiasi, iwapo hewa nayo ni kavu. Wengi walilichukua hilo kama habari ya viroboto: jua linawakausha, wanakufa, mchezo umekwisha. Ni maelezo ya kweli, na nitayarudia, lakini yalimfanya bakteria aonekane kama mzigo unaobebwa tu, usio na uamuzi wowote wa kwake.

Mlango wa kumwona bakteria mwenyewe akibadilika ulifunguliwa na watengeneza chanjo, na kwangu hii ndiyo sehemu ya historia isiyosimuliwa vya kutosha. Waldemar Haffkine alianza kazi Bombay mwishoni mwa mwaka 1896 katika chumba kidogo cha chuo cha tiba. Aliotesha tauni kwenye supu ya nyama aliyoidondoshea samli juu. Bakteria waling'ang'ania chini ya matone ya samli na kuning'inia ndani ya supu kama nyuzi, kisha aliwaua kwa moto na kuchanja watu. Mtu wa kwanza kuchanjwa alikuwa yeye mwenyewe, Januari 1897. Chanjo hiyo ilipunguza vifo, lakini nguvu yake ilibadilikabadilika kutoka chungu hadi chungu. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kupata sababu moja kubwa. Mwaka 1932 Harry Schütze wa Taasisi ya Lister, London, alionyesha kwamba bakteria wa tauni akioteshwa kwenye nyuzi 37 hujivika utando laini ambao hana anapooteshwa kwenye ubaridi, na kwamba chanjo iliyotokana na bakteria wenye utando huo iliwalinda panya vizuri zaidi. Sahib Singh Sokhey, aliyeiongoza maabara ya Bombay iliyokwisha kupewa jina la Haffkine, akaijenga chanjo yake juu ya bakteria wa nyuzi 37. Tafakari maana yake. Chupa mbili zenye bakteria wa uzao mmoja, chakula kimoja, siku sawa, zilitoa dawa mbili tofauti kwa sababu ya tofauti ya joto peke yake. Mwili wa mchanjwa ulikuwa unafundishwa kumtambua adui, na kwa miaka mingi ulikuwa umeonyeshwa adui akiwa amevaa nguo za safari nyingine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia maabara za kijeshi ziliingia katika jambo hili, kwa nia ambazo hazikuwa njema zote, na zikatoa elimu ambayo haiwezi kupuuzwa. Nchini Uingereza T. W. Burrows na G. A. Bacon waliripoti mwaka 1956 kwamba bakteria waliotoka kwenye joto la chini humezwa kwa urahisi na chembe nyeupe za damu, lakini wakikaa saa chache katika joto la mwili hawamezeki tena. Miaka mitatu baadaye Wamarekani Dan Cavanaugh na Robert Randall wakaongeza jambo la kushangaza. Bakteria anayetemwa na kiroboto ndani ya ngozi huwa hana silaha, na wengi humezwa na kufa, lakini baadhi humezwa na aina ya chembe zisizoweza kuwaua upesi, na humo ndani ya tumbo la mlinzi, katika joto la nyuzi 37, hujivika utando na kutoka wakiwa si wa kumezwa tena. Katika miaka hiyo hiyo ikaonekana pia kwamba kwenye nyuzi 37 bakteria huyu hawezi kuota bila madini ya kalsiamu ya kutosha, ilhali kwenye nyuzi 27 hahitaji. Ilionekana kama udhaifu wa ajabu. Baadaye ikaeleweka kwamba kilichokuwa kikionekana ni kiwanda kinachowashwa: joto la mwili humfanya aanze kuunda sindano ndogo sana na protini za kuingiza ndani ya chembe za kinga ili kuzilemaza, na kazi hiyo ni ghali kiasi kwamba, kalsiamu ikikosekana, ukuaji wenyewe husimama.

Tangu miaka ya 1980 jeni zenyewe zikaanza kusomeka. Jeni za sindano hiyo hukaa kwenye kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na jeni za utando hukaa kwenye kipande kingine kikubwa zaidi. Juu ya jeni za sindano yuko msimamizi, protini iitwayo LcrF. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani walitoa hoja kwamba ubaridi haumzuii msimamizi huyo kwa kuzuia tu nakala ya jeni yake isiandikwe, bali nakala huandikwa kisha hukaa imejikunja. Nakala hiyo ni uzi wa RNA, na katika ubaridi uzi hujishika wenyewe mahali pale pale ambapo kiwanda cha protini kingepaswa kuanza kusoma. Ukifika karibu na nyuzi 37 mshiko unalegea, mahali pa kuanzia panafunguka, na protini inaundwa. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walithibitisha kipimajoto hicho katika ndugu wa karibu wa tauni, bakteria wa matumboni aitwaye Yersinia pseudotuberculosis. Walipobadilisha herufi chache za RNA ili mshiko usilegee kwenye joto, bakteria wakashindwa kuwaua panya. Ugunduzi huo una uzito kwa historia, kwa sababu unaonyesha kwamba ustadi wa kusoma joto ni wa ukoo mzima. Uliwafaa ndugu waliotoka kwenye udongo na chakula baridi kuingia kwenye tumbo lenye joto kabla tauni haijajiunga na kiroboto.

Lakini ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote unahusu ngozi ya bakteria mwenyewe. Katika joto la kiroboto, mafuta yaliyo kwenye ngozi hiyo huwa na mikia sita ya asidi, umbo ambalo kinga ya mwili wa binadamu hulitambua mara moja na kupiga kengele. Katika nyuzi 37 tauni huacha kuongeza baadhi ya mikia, ikabaki minne, na kengele haipigwi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliipa tauni jeni moja kutoka kwa bakteria mwingine wa tumboni, jeni iliyoilazimisha kuendelea kuvaa mikia sita hata kwenye joto la mwili. Silaha nyingine zote zilibaki. Panya waliodungwa bakteria hao, hata kwa dozi kubwa, walipona. Kwa hiyo kubadilika kwa kufuata joto si pambo lililoongezwa juu ya ukali wa tauni. Ukiondoa badiliko hilo moja, ugonjwa ulioua mamilioni unakuwa kitu ambacho kinga ya panya mdogo inakimudu.

Upande wa kiroboto nao una historia yake. Mwaka 1914 A. W. Bacot na C. J. Martin walieleza London jinsi bakteria wanavyozaana ndani ya kiroboto hadi wakaziba kilango cha tumbo lake, naye kwa njaa hung'ata tena na tena, akitapika damu iliyojaa tauni kwenye jeraha. Mwaka 1971 Cavanaugh, akitumia uzoefu wa Vietnam, alionyesha kwamba ukoko huo wa bakteria hauzibi vizuri joto likipita nyuzi 28 hivi, na akadai chanzo ni kimeng'enya kinachogandisha damu katika ubaridi na kuiyeyusha katika joto. Alikuwa sahihi kuhusu joto, akakosea kuhusu kimeng'enya. B. Joseph Hinnebusch na wenzake katika maabara za Rocky Mountain, Montana, waliondoa jeni ya kimeng'enya hicho na kiroboto akaziba vile vile. Kumbe ukoko huundwa na kundi la jeni liitwalo hms, ambalo protini zake hudumu kwenye ubaridi na kuvunjwavunjwa kwenye nyuzi 37. Hapo maelezo ya Brooks ya mwaka 1917 yanapata nusu iliyopungua: katika kiangazi cha Punjab kiroboto alikauka, na bakteria aliyekuwamo ndani ya kiroboto aliyesalia naye akaacha kutengeneza kizibo.

Hoja za kupinga zipo, na baadhi ni nzito. Ya kwanza inasema kizibo si lazima. Tangu mwaka 2006 imeonyeshwa kwamba viroboto wanaweza kuambukiza ndani ya siku chache za mwanzo, kabla hawajaziba, na aina nyingine za viroboto haziwezi kuziba karibu kabisa. Hilo nalikubali, na linapunguza madai ya Bacot na Martin, lakini halifuti upande wa pili wa jambo: kwa njia yoyote ile, bakteria anayeingia anatoka kwenye ubaridi, na lazima ajibadilishe ndani ya joto au afe. Ya pili inasema ziko tauni zisizo na utando kabisa, na bado zinaua. Ni kweli, na ndiyo sababu chanjo iliyotegemea utando peke yake ina mashaka. Lakini tauni hizo bado hubadili mafuta ya ngozi na bado huwasha sindano, zikiongozwa na joto. Utando ulikuwa kitu cha kwanza kuonekana, nao si kitu pekee.

Hoja ya tatu ni Manchuria. Katika majira ya baridi ya 1910 na 1911, katika baridi kali sana, tauni iliua watu takriban 60,000, na daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, akalazimika kuwavalisha watu barakoa na kuomba ruhusa ya kuchoma maiti zilizogandishwa. Ubaridi kama ule ungepaswa kuua nadharia yote ya joto. Kinyume chake, naona Manchuria ndiyo inayoithibitisha. Ilikuwa tauni ya mapafu, iliyopita kutoka kifua cha mtu hadi kifua cha mtu kwa kikohozi. Kiroboto hakuwa na kazi. Bakteria alitoka kwenye nyuzi 37 akaingia kwenye nyuzi 37 akiwa tayari ana utando, sindano na ngozi isiyopiga kengele, bila zile saa chache za udhaifu ambazo mwili huzipata bakteria anapoletwa na kiroboto. Ndiyo maana tauni ya mapafu isiyotibiwa huua karibu kila mtu inayemshika, tena kwa siku chache. Kilicho muhimu ni joto la mahali bakteria alipo, na kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakilijui.

Hapa lazima tuweke mpaka wa maneno. Wanasayansi huzungumza juu ya bakteria kusumbuliwa na joto, na ni kweli kwamba kwenye nyuzi 42 hivi bakteria wengi, kuanzia wale wa matumboni mwetu, huunda protini za kuokoa protini nyingine zisiharibike. Hilo ni jibu la dharura. Kwa tauni, nyuzi 37 si dharura hata kidogo. Ni ishara ya kuwasili. Mtu anayedhani kwamba homa yake mwenyewe itamchoma bakteria huyu anamwazia adui asiyekuwapo, kwa kuwa homa inampata akiwa amekwisha kujiandaa.

Afrika Mashariki ina nafasi yake halali katika habari hii. Waganda walikuwa na Kaumpuli, lubaale (mungu) wa tauni, kabla Mzungu yeyote hajaipima kwa darubini, na mwaka 1898 Robert Koch alitangaza kwamba ugonjwa wa Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, ulikuwa tauni halisi, makao ya zamani na si mgeni aliyekuja na meli. Ukitazama ramani ya makao ya tauni yaliyodumu Afrika, mengi yako juu: Ituri katika Kongo, Nile Magharibi katika Uganda, milima ya Usambara. Madagaska inafundisha zaidi ya zote. Tauni iliingia kwa bandari ya Toamasina mwaka 1898, ikafika Antananarivo mwaka 1921, kisha ikafifia pwani na kukita mizizi kwenye nyanda za juu. Huko juu hupanda kuanzia Oktoba, wakati wa vuguvugu na mvua. Iliporudi Mahajanga, bandari yenye joto, katika miaka ya 1990, ilikuja Julai hadi Novemba, wakati wa ubaridi wa pwani. Misimu hiyo inapingana kwenye kalenda na inakubaliana kwenye kipimajoto.

Wilaya ya Lushoto ilipata tauni mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20 ikahesabu wagonjwa zaidi ya 7,000 na vifo mamia kadhaa. Itakuwa ni kosa lile lile la Taipingshan, likiwa limegeuzwa tu, kusema ubaridi wa Usambara ndio ulioleta yote. Panya wa mashambani waliofuata mahindi na maharage hadi ndani ya nyumba, kulala chini, misitu iliyokatwa na umbali wa zahanati vina sehemu yao, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamefanya kazi kubwa kuvichambua. Joto halimleti panya mlangoni. Linaamua kama kiroboto wa panya huyo atakuwa na kizibo, na bakteria atakayeingia mwilini atajigeuza kwa haraka gani. Anayepanga kinga kwa kufagia pekee bila kujua msimu wa joto la mahali pake anaacha mlango wa pili wazi.

Bakteria anayeletwa na kiroboto ana saa chache za udhaifu, na dawa kama streptomisini na doksisaikilini humuua hata baada ya kujiandaa, zikitolewa mapema. Kwa hiyo wewe unayeishi Mlalo, Mtae, Shume au kwenye milima yoyote iliyowahi kuugua, ukiona panya wanakufa ovyo, usiwaguse kwa mikono, na toa taarifa. Mtu wa nyumbani mwako akipata homa ya ghafla pamoja na mtoki unaouma, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.